Kumpendekezea Msomaji Kitabu Kipya cha Historia: Mwongozo Kamili kwa Wakutubi wa Lamu na Mwambao

Msomaji wa historia hapa Lamu haingii maktabani kichwa kitupu. Kabla hajafungua kitabu chochote ameshasimuliwa Vita vya Shela na babu yake, ameshawasikia wazee wa mtaa wakibishana barazani nani alijenga msikiti upi, na pengine kwao kuna sanduku lenye hati za shamba ambazo hakuna mtafiti aliyewahi kuziona. Ukimpa kitabu kipya kama mtu asiyejua lolote, atakipokea kwa adabu, atakiegemeza kwapani mpaka nyumbani, na wiki mbili baadaye kitarudi bila kukunjuliwa. Kwa hiyo kazi ya kupendekeza kitabu cha historia katika maktaba ya umma huku kwetu inaanzia mahali ambapo miongozo mingi haifiki: msomaji huyu anajua nini tayari, na alikijua kwa nani?

Mwongozo huu ni wa mkutubi aliyeajiriwa, wa anayejitolea, wa mwalimu aliyekabidhiwa funguo za chumba cha vitabu shuleni, na wa kijana yeyote anayesimamia rafu mbili tatu mtaani, iwe Langoni, Mkomani, Shela au kule Malindi. Huhitaji shahada. Unahitaji muda, daftari, na moyo wa kupenda kusikiliza watu.

S. R. Ranganathan, mkutubi mkubwa wa India, aliweka kanuni zake 5 za maktaba mwaka 1931. Mbili kati yake ndizo msingi wa kazi hii: kila msomaji na kitabu chake, na kila kitabu na msomaji wake. Ile ya pili ndiyo inayosahaulika. Kitabu kipya cha historia ni ghali, kina kurasa nyingi, jina la mwandishi halijulikani mjini, na bila mtu wa kukisemea kitabaki rafuni mpaka chumvi ya bahari ikile jalada.

Hatua ya kwanza: kijue kitabu kabla ya kukinena

Hakuna mkutubi anayesoma kila kitabu kinachoingia. Lakini nusu saa ya kukipekua kwa mpango inatosha kukupa la kusema kwa haki.

Anza na ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu, wenye maandishi madogo ya hakimiliki. Tazama mwaka wa kwanza kuchapwa. Vitabu vingi vinavyoletwa kama vipya ni chapa mpya za vitabu vya zamani: jalada linang'aa, maneno yaliandikwa wakati wa ukoloni. Chapa mpya ni karatasi mpya tu, ilhali toleo jipya maana yake mwandishi au mhariri amerudi ndani akarekebisha. Hapo hapo utaona nambari ya ISBN, yaani nambari ya utambulisho wa kitabu. Ikianza na 978-9966 au 978-9914, kitabu kimesajiliwa Kenya. Ikianza na 978-9976 au 978-9987, ni cha Tanzania. Si alama ya ubora, lakini itakusaidia kujua uagize nakala ya pili upande gani.

Kisha soma yaliyomo, soma utangulizi wote, halafu ruka mpaka mwisho kwenye faharasa. Hapa ndipo mtu wa mwambao anapokipima kitabu haraka. Tafuta Lamu. Tafuta Pate, Siyu, Faza, Witu, Gedi, Malindi. Kuna vitabu vinavyojiita historia ya Kenya ambamo pwani yetu inajitokeza Vasco da Gama anapotia nanga Malindi mwaka 1498, ikazama, ikaibuka tena Waingereza wanapotangaza himaya yao mwaka 1895. Karibu miaka 400 imepita katikati na hakuna mtu aliyeishi! Kitabu cha namna hiyo kinaweza kuwa kizuri kwa mengine, ila usimpe mtu aliyekuja kutafuta habari za kwao.

Malizia kwa kusoma sura moja nzima ya katikati. Si ya kwanza, maana waandishi wote huipamba sura ya kwanza. Sura ya katikati ndiyo itakayokuonyesha kama mwandishi anasimulia au anarundika majina na tarehe.

Andika kwenye daftari mambo haya kwa ufupi: lugha na ugumu wake, idadi ya kurasa, ukubwa wa herufi (wazee watakuuliza), ramani na picha zipo au hazipo, kinamhusu nani hasa, na mwendo wake ni wa haraka au wa taratibu.

Hatua ya pili: kipime kwa jambo unalolijua

Kila mkutubi achague tukio moja la kwao analolijua vizuri, alitumie kupimia kila kitabu kipya. Kwa Lamu, Vita vya Shela vinafaa sana. Mnamo mwaka 1812 au 1813 watu wa Lamu waliwashinda Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, na washirika wao wa Pate kwenye ufuo wa Shela. Baada ya hapo Lamu iliomba ulinzi wa Seyyid Said wa Oman, na ngome tunayoiona leo pale uwanja wa Mkunguni ikamalizika kujengwa karibu na mwaka 1821. Ngome hiyo ikaja kuwa gereza kuanzia 1910 hadi 1984, kabla ya kukabidhiwa Makumbusho ya Taifa.

Sasa tazama mwandishi wako anavyoieleza habari hiyo. Je, watu wa Lamu wana majina, mipango na hila zao wenyewe, au wamekuwa watazamaji katika ugomvi wa wakubwa wa Mombasa na Maskati? Angalia tanbihi: amesoma nini? Habari za Lamu, zilizoandikwa na Shaibu Faraji bin Hamed al-Bakariy, zilichapwa mwaka 1938 kwa Kiswahili pamoja na tafsiri. Habari za Pate, zitokanazo na masimulizi ya Bwana Kitini, zimechapwa zaidi ya mara moja. Mwandishi wa karne hii anayeandika kuhusu visiwa hivi bila kugusa maandiko hayo, akategemea barua za mabalozi wa Kiingereza peke yake, amesikiliza upande mmoja. Nazo Habari za Pate zina upande wao, maana zinawatukuza wafalme wa Nabahani. Mwandishi mzuri atakwambia hilo, hatazimeza nzima nzima.

Pima pia umri wa elimu iliyomo. Mfano bora ni swali linaloulizwa kila siku kwenye kaunta: miji ya Waswahili ilianzishwa na nani? Vitabu vya zamani vilijibu kwamba ni wageni kutoka Uarabuni na Uajemi waliokuja na miji yao tayari. Kisha machimbo ya Shanga, katika kisiwa cha Pate, yaliyofanywa miaka ya 1980, yakaonyesha misikiti ya mapema ya karne ya 8, iliyojengwa kwa miti, ikiwa chini ya ile ya mawe, ndani ya mji uliokua hapo hapo hatua kwa hatua. Mwaka 2023 jarida la Nature likachapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao kwenye miji ya pwani, Manda na Faza ikiwamo. Ulionyesha kwamba mchanganyiko wa damu ulianza karibu na mwaka 1000, upande wa Kiafrika ukitoka hasa kwa wanawake, na upande wa Asia ukitoka hasa kwa wanaume wenye asili ya Uajemi, Waarabu wakifuata baadaye. Kwa hiyo masimulizi ya mababu kuhusu Washirazi, wanaosemwa kutoka Uajemi, hayakuwa hekaya tupu, na hoja kwamba miji ni ya Kiafrika haikuwa porojo.

Kitabu cha 2010 hakiwezi kuwa na habari hiyo. Hakijawa kibovu kwa sababu hiyo, lakini unapompa msomaji mwambie waziwazi kimeishia wapi. Ni haki yake.

Hatua ya tatu: mzungumzishe msomaji

Swali baya kuliko yote ni "Unapenda historia gani?" Jibu lake ni "Yoyote," na hapo mmefungiana mlango. Uliza kitabu, kisa au hata utenzi wa mwisho uliomkaa moyoni, kisha unyamaze. Watu wakipewa nafasi husema wanachokitaka bila kujua kwamba wamekisema.

Mazungumzo na nahodha mstaafu yanaweza kwenda hivi:

"Asalaam aleikum, mzee. Karibu."

"Waaleikum salaam, mwanangu. Nataka kitabu cha historia."

"Ya bara au ya bahari?"

"Ya bahari. Lakini si Wareno. Hao nimewasoma tangu skuli."

"Na aliyekusimulia wewe habari za bahari ni nani?"

"Ammi yangu. Alikenda Basra na boriti, akarudi na tende. Alikuwa akizitaja bandari moja moja, na nani aligombana na nani chomboni."

Katika maneno hayo machache kuna kila kitu. Hataki wafalme wala mikataba. Anataka safari bandari kwa bandari, anataka mabaharia wenye hasira na madeni, na anataka kitu atakacholinganisha na cha ammi yake. Kitabu cha Fahad Bishara, *Monsoon Voyagers*, kilichotoka mwaka 2025, kinafuata safari ya jahazi moja la Kuwait na nahodha wake katika Bahari ya Hindi miaka ya 1924 na 1925. Mzee akisikia hivyo atavuta kiti. Ungemwambia "tuna kitabu kipya cha uchumi wa Bahari ya Hindi," angekushukuru na kwenda zake, ingawa kitabu ni kile kile.

Jambo la kusikiliza, basi, si mada peke yake. Joyce Saricks, aliyewafundisha wakutubi wa Marekani kazi hii kwa miaka mingi, alisisitiza tusikilize mvuto wa kitabu: mwendo wake, watu waliomo, namna kisa kinavyopangwa, na hali inayokizunguka. Watu wawili wanaotaka "habari za Oman" wanaweza kuhitaji vitabu visivyofanana hata kidogo. Mmoja ana shangazi Maskati na anataka kujua kwa nini jamaa zake walihama. Huyo mpe *Zanzibar Was a Country* cha Nathaniel Mathews, cha mwaka 2024, kinachozungumzia watu waliotoka Zanzibar wakaishia Ghuba na walivyopata uraia huko. Wa pili anataka masultani na manowari, na kitabu hicho kitamchosha.

Mwongozaji watalii naye ni msomaji wa kipekee. Anahitaji jambo la uhakika la kusema kesho asubuhi mbele ya wageni, na hana wiki tatu. Mpeleke kwenye *The Swahili World*, kilichohaririwa na Stephanie Wynne-Jones na Adria LaViolette mwaka 2018. Ni kikubwa mno kukisoma chote, lakini kimegawanywa sura fupi za wataalamu mbalimbali. Mfungulie sura moja inayomhusu, mkalishe mezani, mwache. Kitabu kama hicho kisiazimwe nje. Kibaki cha kusomea ndani.

Mwanafunzi mwenye kazi ya shule ni rahisi zaidi: anataka kurasa 10 zinazoeleweka, na anazitaka leo. Mpe, usimhutubie. Akirudi bila kazi ya shule, ndipo uanze naye mazungumzo ya kweli.

Hatua ya nne: tatizo la lugha

Hapa niseme kwa uchungu. Vitabu vingi vipya vya historia ya pwani yetu vinaandikwa kwa Kiingereza, vinachapwa ng'ambo, na bei yake inamtoa mvuvi kijasho. Watu ambao babu zao ndio waliohojiwa mara nyingi hawawezi kukisoma kitabu kilichotoka humo. Mkutubi hawezi kulimaliza tatizo hili, ila yapo mambo ambayo yako mikononi mwake.

Kwanza, sema lugha ya kitabu mapema, kabla ya sifa zake. Mtu mzima akifika nyumbani na kugundua kuwa hakiwezi, anaona aibu, na mwenye aibu harudi. Sema tu, "Hiki ni cha Kiingereza, na kina maneno magumu kidogo, sura ya tatu ndiyo nyepesi."

Pili, andaa muhtasari wa mdomo wa sura moja kwa Kiswahili. Uwe mfupi, wa kusimulia, usio na nadharia. Nahodha wetu hapo juu anaweza asisome kitabu chote, lakini ukimsimulia jahazi lilivyopita bandari fulani atakuletea mjukuu wake anayesoma kidato cha nne, na wawili hao watakisoma pamoja. Nimeona vitabu vigumu vikizunguka mtaa mzima kwa njia hiyo.

Tatu, kiambatanishe kila kitabu cha Kiingereza na kazi ya Kiswahili inayogusa jambo lile lile. Anayechukua kitabu kuhusu kuanguka kwa Pate apewe pia *Al-Inkishafi* ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Mshairi huyo aliyaona majumba ya Pate yakiwa magofu, na hakuna mwanahistoria aliyepita beti zake kwa kuonyesha mji ulivyokuwa na ulivyokwisha. Anayetaka misafara ya biashara ya bara kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia anaweza kuanza na *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya 2021. Ila iite riwaya. Usimwache msomaji akaenda kunukuu maneno ya mhusika wa kubuni kama ushahidi wa historia.

Nne, fanya kikao cha kusomeana. Mwambao huu ulijifunza historia yake kwa kusikiliza, na hakuna sababu ya kuona haya kuifanya maktaba iwe na sauti. Baada ya sala ya alasiri, barazani, msomaji mmoja anasoma ukurasa kwa Kiingereza, mwingine anaueleza kwa Kiswahili, na wazee wanasahihisha. Ramadhani kikao hicho hufaa zaidi usiku baada ya tarawehe. Chagua sura inayotaja mahali watu wanapopajua kwa miguu.

Jambo moja la kisheria: usitoe fotokopi ya kitabu kizima kwa sababu nakala ni moja. Hakimiliki nchini Kenya inadumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kurasa chache za kujisomea ni jambo jingine. Kuna pia vitabu vinavyopatikana bure kihalali. Historia kuu ya Afrika ya UNESCO, ambayo majuzuu yake 8 ya kwanza yana wahariri kama Bethwell Ogot na Ali Mazrui wa hapa kwetu Kenya, inapakuliwa intaneti bila malipo. Ipakue mara moja, iweke kwenye kompyuta ya maktaba, na mfundishe kila anayetaka namna ya kuifungua.

Hatua ya tano: tafuta historia nje ya rafu ya historia

Kama maktaba yako inatumia mpangilio wa Dewey, unaopanga vitabu kwa nambari za mada, historia iko kwenye 900, Afrika kwenye 960, Kenya kwenye 967.62 na Tanzania 967.8. Wasomaji wengi huishia hapo, na nusu ya historia ya Lamu haipo hapo. Vyombo vya baharini na usafirishaji viko 387. Uislamu na maulamaa wake uko 297. Mapishi ni 641.5, usanifu wa majengo 720, ushairi wa Kiswahili 896.392. Mama aliyekuja kutafuta historia ya wanawake wa mji atapata kidogo sana kwenye 967, na mengi kwenye mavazi, ndoa, mapishi na picha.

Kuhusu picha, kitabu cha Prita Meier cha mwaka 2024, *The Surface of Things*, kinaeleza historia ya upigaji picha katika pwani ya Waswahili. Nakipenda kwa sababu humrudisha msomaji nyumbani kutazama upya picha za bibi yake zilizotundikwa ukutani: zilipigwa wapi, kwa nini vile, nani alilipa.

Andika karatasi ndogo za "ona pia" na uzichomeke kwenye rafu ya 967. Vitabu vipya vyote vinavyogusa historia, vya nambari yoyote, vikae kwenye meza moja kwa mwezi wa kwanza, mbali na dirisha la upande wa bahari.

Hatua ya sita: habari zenye maumivu

Zipo habari ambazo watu wa hapa hawazisomi kama jambo la mbali. Utumwa ni ya kwanza. Mashamba ya Malindi ya karne ya 19 yalilimwa na watumwa. Watoro wao walikimbilia bara na wengine Witu. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907 tu. Wajukuu wa waliomiliki na wa waliomilikiwa wanakaa mtaa mmoja na kuswali safu moja. Usimpe mtu kitabu cha utumwa kwa kukisia asili yake kutokana na jina au sura. Kiweke mezani pamoja na vingine, achague mwenyewe. Akiuliza, mjibu kwa sauti ya chini na kwa ukweli wote.

Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, vita vya shifta vya kaskazini mashariki mwa Kenya vya miaka ya 1960, na suala la mwambao kuunganishwa na Kenya mwaka 1963 vinahitaji uangalifu huo huo. Kwa mambo haya toa vitabu viwili vyenye misimamo tofauti. *Kwaheri Ukoloni, Kwaheri Uhuru!* cha Harith Ghassany, cha mwaka 2010, kina faida ya kuandikwa kwa Kiswahili na kujaa sauti za wahusika, na kina hoja ambazo wengine wanazipinga vikali. Mpe msomaji pamoja na kitabu kinachoyatazama mapinduzi kwa upande mwingine, umwambie kwamba vinapingana na mahali vinapopingana. Usimwambie kipi ni cha kweli.

Na usitaje kamwe kwa mtu mwingine nani aliazima nini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda habari za watu, lakini hata kabla ya sheria, mji mdogo kama huu unajua madhara ya neno lililotoka kaunta likafika Mkunguni.

Hatua ya saba: kadi ya pendekezo

Hutakuwapo kila msomaji anapopita, kwa hiyo kadi iliyoegemezwa kitabuni iseme badala yako. Maneno 50 hivi yanatosha. Usiandike "kitabu kizuri sana" wala "lazima usome". Hayamwambii mtu kitu. Andika kinamhusu nani, kinasomeka vipi, na kinamfaa nani. Mfano:

"*An African History of Africa*, Zeinab Badawi, 2024. Mtangazaji mzaliwa wa Sudan alizunguka zaidi ya nchi 30 za Afrika akiwauliza wanahistoria wa huko historia yao. Kiingereza chepesi, sura zinajitegemea. Kinafaa aliyechoka kusoma Afrika kuanzia alipofika Mzungu. Ukitaka pwani peke yake, muulize mkutubi akupe cha pili."

Sentensi ya mwisho ni muhimu. Kitabu kikubwa cha bara zima hakiwezi kuikidhi Lamu, na kadi inayokiri upungufu ndiyo wasomaji wanayoiamini.

Kadi za msimu zinasaidia pia. Kabla ya Siku ya Mashujaa, 20 Oktoba, toa vilivyopo kuhusu Mekatilili wa Menza na upinzani wa Wagiriama wa 1913 na 1914. Malindi hasa wasomaji huviulizia. Karibu na Maulidi toa vya Habib Saleh, msikiti wa Riyadha na maulamaa wa pwani.

Hatua ya nane: vitabu vitatu, si kimoja

Ukimpa msomaji kitabu kimoja, kikimshinda atadhani yeye ndiye mwenye kasoro. Ukimpa kumi atachanganyikiwa. Mpe vitatu: kilicho karibu kabisa na alichokisema, kilichosogea hatua moja, na kimoja ambacho hakukitarajia. Kwa nahodha wetu, cha kwanza ni safari ya jahazi, cha pili ni kitabu cha vyombo vya baharini kutoka 387, cha tatu ni tenzi za kale. Mara kwa mara ni kile cha tatu kitakachomrudisha.

Mpe pia ruhusa ya kuacha. Nancy Pearl, mkutubi wa Seattle, ana kanuni inayowapendeza sana wazee: kipe kitabu kurasa 50, kisipokuvuta kiache. Ukishavuka miaka 50, toa umri wako kwenye 100, jibu ndilo idadi ya kurasa unazodaiwa. Mzee wa miaka 72 anadaiwa kurasa 28 tu.

Hatua ya tisa: kitabu kinaporudi

Usimuulize msomaji kama alikipenda, maana kwa adabu atasema ndiyo. Muulize alifika wapi, na ni wapi hakukubaliana na mwandishi. Swali hilo la pili ndilo lenye faida kubwa katika mji kama wetu, kwa sababu msomaji wa Lamu atakwambia kwamba jina la kisima limekosewa, kwamba nyumba iliyotajwa haikuwa ya ukoo ule, kwamba mtumwa ambaye hakutajwa jina kwenye ukurasa fulani alikuwa na jina na watu wanalijua.

Weka daftari la masahihisho. Kwa idhini yake andika jina la kitabu na nambari yake ya maktaba, ukurasa, mwandishi anasema nini, msomaji anasema nini, alisimuliwa na nani, na tarehe. Kama hataki jina lake liandikwe, andika mtaa tu. Usihukumu nani amepatia. Waandishi wengi wa historia wana anwani za vyuo vyao zinazopatikana wazi, na ni jambo la kawaida kabisa kuwaandikia barua ya heshima yenye masahihisho hayo. Baadhi hujibu, na toleo la pili huweza kubadilika.

Nakala ya maelezo hayo ichomeke ndani ya jalada la nyuma la kitabu, kwa penseli na kwenye karatasi isiyo na asidi kama unayo, ili isiunguze kurasa. Msomaji anayefuata akija kukiazima, mfungulie kwanza hapo nyuma.